Mapishi Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu hupendwa sana na wafanya biashara, na walimu wetu wa hesabu hawachoki kutukumbusha. Lakini mimi naona kwamba hakuna mali iliyopotea bila habari kuliko chakula. Ng'ombe akipotea, watu huinuka wakamtafuta. Shamba likinyang'anywa, kesi hufika barazani. Bali chakula kitamu alichokijua bibi mmoja kijijini kikifa pamoja naye, hakuna apigaye yowe. Watu humlilia bibi, na ni haki yao. Chungu chake hakuna akililiaye.

Ndugu wasomaji, katika makala haya nataka kusema jambo moja tu, nalo ni hili: mapishi hayawi mali ya watu wote mpaka yameandikwa kwa vipimo, na mgeni asiyemjua mpishi ameyasoma, akapika, akala, akashiba. Kabla ya hapo ni siri ya nyumba moja, na siri ya nyumba huishi umri wa mwenye nyumba. Nasema haya kwa ajili yetu sisi wanafunzi wa shule za bweni hasa, maana naamini kwamba kazi ya kuyaandika yatufaa sisi kuliko mtu mwingine yeyote.

Nianze na nyumbani kwetu. Mimi natoka Bugisu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na kwetu chakula cha heshima ni malewa. Wenzangu wasioyajua na wafahamu kwamba malewa ni machipukizi ya mianzi iotayo juu mlimani. Hukatwa yakiwa machanga, hukaushwa kwa moshi, na yakisha kukauka huweza kuwekwa siku nyingi. Siku ya kupika hulowekwa, huchemshwa, hukatwakatwa, kisha hupikwa pamoja na karanga zilizosagwa, yakaliwa kwa matoke.

Bibi yangu, aliyemzaa mama, alisifiwa kijiji kizima kwa malewa yake. Alifariki miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo mama na mama mkubwa wana ubishi usiokwisha. Mama asema kwamba Bibi alimwaga maji ya kwanza mara moja tu. Mama mkubwa aapa kwamba aliyamwaga mara mbili. Mama asema kwamba chumvi ya majivu ilitiwa mwanzoni. Mama mkubwa asema, la, ilitiwa mwishoni, karanga zikisha kuiva. Wote wawili walilelewa katika jiko lile lile. Wote wawili ni wapishi hodari. Wala hapana hata mmoja wao awezaye kuirudisha ladha ile. Kila Krismasi twala malewa mazuri, na ubishi twaula pia, na mwisho wa yote kila mtu hupangusa mikono akasema, "Matamu, ila siyo ya Bibi."

Sina nia ya kumlaumu marehemu. Bibi alipima kwa kiganja, akaonja kwa ulimi, na kiganja chake hakikukosea. Wala siwalaumu mama na dada yake, kwa maana ni nani amwulizaye mama yake vipimo wakati mama yupo na chungu kipo motoni? Nataka kuonyesha tu kwamba kutazama siko kuhifadhi. Watu wawili walitazama jambo moja kwa miaka ishirini, na leo wana habari mbili.

Jambo hili la kuandika vyakula si geni duniani. Mwaka 1226, katika mji wa Baghdad, mtu mmoja aitwaye Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi kama 160: nyama iliyopikwa kwa siki, nyama iliyopikwa kwa matunda, samaki, mikate na vitu vitamu. Wakati ule Baghdad ulikuwa mji mkubwa wenye wanachuoni na matajiri, na huenda watu walimcheka mtu kupoteza wino wake kwa habari za sufuria. Basi, mwaka 1258 jeshi la Wamongolia liliuteka mji ule, likawaua watu wengi mno na kuyaharibu majumba na maktaba. Wapishi wakafa, na wale waliopikiwa wakafa. Lakini kitabu kilibaki. Leo, baada ya miaka karibu mia nane, mtu akitaka kula chakula kilichokuwa kikiliwa Baghdad kabla ya vita ile, aweza kukipika. Wamongolia walivunja majumba, chungu hawakuweza kukivunja, kwa sababu kilikuwa kimekwisha kuingia katika karatasi.

Kisa cha pili ni cha huzuni zaidi. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajerumani wa utawala wa Hitler waliwafungia Wayahudi wengi katika mji wa Terezín, ambao leo umo katika nchi ya Cheki. Watu walikaa mle kwa njaa kubwa, na maelfu walikufa. Katikati ya njaa ile wanawake kadha wa kadha waliandika mapishi katika vipande vya karatasi: keki, maandazi, nyama za sikukuu, vyakula walivyovipika walipokuwa watu huru. Mmoja wao, Mina Pächter, alifia mle mwaka 1944, lakini kabla ya kufa aliikabidhi karatasi ile kwa rafiki ili imfikie binti yake. Ilichukua miaka ishirini na mitano. Mwaka 1969 binti yake aliipokea mjini New York, na mwaka 1996 mapishi yale yakachapishwa kuwa kitabu.

Fikirini jambo hili, wenzangu. Mtu mwenye njaa hawezi kushiba kwa kuandika. Hata hivyo wanawake wale waliona kwamba yapo mambo mawili ambayo njaa isingeweza kuwanyang'anya: ukumbusho wa chakula chema, na haki ya kumrithisha mtoto. Mtu akiniambia kwamba mapishi ni mambo madogo yasiyostahili kalamu ya mwanafunzi, mimi nitamwonyesha karatasi za Terezín.

Lakini kuandika peke yake hakutoshi. Wapishi wa Mfalme Richard wa Pili wa Uingereza waliandika mapishi yao karibu na mwaka 1390, nayo yamehifadhiwa hata leo. Ila mahali pengi hawakutaja vipimo wala muda. Wanamwambia msomaji achukue nyama, atie viungo, apike vyema. Viungo kiasi gani? Vyema ni vipi? Kwa mpishi wa mfalme maneno yale yalitosha, maana alikuwa amekwisha kujua. Kwa mgeni ni kama kumwelekeza njia kwa kumwambia, "Fuata njia, utafika."

Aliyefanya bidii kubwa kuondoa taabu hii ni mwanamke wa Marekani, Fannie Farmer. Alizaliwa mwaka 1857. Alipokuwa msichana alipatwa na ugonjwa wa kupooza, ikambidi aache masomo. Baadaye akaingia shule ya upishi ya Boston, akafaulu, hata akawa mkuu wa shule ile ile. Mwaka 1896 alitoa kitabu chake. Wachapaji hawakukiamini, wakachapa nakala 3,000 tu, tena kwa gharama zake mwenyewe. Ndani yake alishikilia neno moja bila kuchoka: kikombe kiwe kikombe, kijiko kiwe kijiko, na unga usawazishwe juu kwa kisu ili usizidi wala kupungua. Kitabu kile kikauzwa kwa mamilioni. Kwa nini? Kwa sababu msichana aliyehamia mbali na mama yake aliweza kukifungua, akapika, na chakula kikaiva kama kilivyoandikwa.

Mimi mwenyewe nimeiona faida hiyo. Katika maktaba ya shule yetu kipo kitabu cha upishi cha Kiingereza, kikuukuu, jalada lake limetoka, na kurasa zake zina madoa ya siagi ya mtu niliyetanguliwa naye. Mwaka jana kabla ya likizo ya Agosti nilinakili humo keki ya ndizi mbivu. Kitabu kiliagiza joko la umeme lenye moto wa digrii 180. Kwetu joko hilo halipo. Nilifanya wafanyavyo watu wengi wasio na joko: niliweka sufuria nzito juu ya makaa machache, nikatia mchanga chini, nikaweka chombo cha keki juu ya mchanga, nikafunika, kisha nikapalia makaa mengi juu ya kifuniko. Vipimo nilivifuata bila kuongeza langu: vikombe viwili vya unga, ndizi tatu zilizopondwa, na vingine vyote kama vilivyoandikwa. Baada ya saa moja na robo keki ilikuwa imefura, rangi yake kama udongo wa kwetu mvua ikinyesha. Wadogo zangu wanne waliila ingali ya moto, na aliye mdogo kuliko wote alilamba hata karatasi. Ndizi zile zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi; siku nyingine zingetupiwa kuku.

Ladha ya keki ile ilinipendeza, lakini lililonishangaza zaidi ni mwalimu wangu. Mtu nisiyemwona kamwe, wa nchi nisiyoifika, alinishika mkono akaniongoza mpaka chakula kikafika mezani. Hakuniuliza kabila langu, wala kama mimi ni mvulana au msichana, wala ada ya masomo. Ndipo nilipojiuliza: Je, yuko mtu huko ng'ambo, au hata huko Gulu au Mbarara, awezaye kushikwa mkono vivyo hivyo na bibi yangu? Hapana.

Na tusidhani kwamba Gulu au Mbarara ni karibu. Uganda ina makabila zaidi ya hamsini. Hapa shuleni twalala bweni moja, twacheza mpira mmoja, na mchana twala posho na maharagwe, jambo ambalo ni jema kwa kuwa hakuna kabila liwezalo kujivunia posho ya shule. Lakini tuulizane: Mganda amekwisha kuonja malewa? Mgisu ajua kwamba watu wa Ankole wana eshabwe, mchuzi mweupe utengenezwao kwa samli? Ni wangapi wajuao firinda ya Toro, ambayo maharagwe yake humenywa ganda moja moja? Twajua majina ya milima ya wenzetu kwa sababu yamo katika mtihani. Vyakula vyao hatuvijui, na mara nyingi tusichokijua twakicheka.

Likizo ya Desemba nilialikwa na rafiki yangu wa bwenini kwenda kwao, katika nchi ya Acholi. Siku ya pili mama yake alitupikia malakwang. Hiyo ni mboga ya majani yenye uchachu, ipikwayo kwa odii, yaani ufuta na karanga zilizokaangwa na kusagwa pamoja hata zikawa laini kama siagi. Tuliila kwa viazi vitamu. Uchachu wa majani, utamu wa viazi na mafuta ya ufuta vilikutana mdomoni mwangu vikapatana kama ndugu. Sijasahau chakula kile, wala sidhani kwamba nitakisahau.

Nikamwuliza, "Mama, odii hutiwa kiasi gani?"

Akanijibu, "Kiasi cha kutosha, mwanangu."

"Na majani huchemshwa muda gani?"

"Mpaka yaive."

Yalikuwa majibu ya Bibi yale yale, kwa lugha nyingine. Basi kesho yake niliomba ruhusa niketi jikoni na kikombe, kijiko, saa na daftari. Shangazi zake rafiki yangu walicheka sana kumwona kijana wa kiume, tena mgeni, akimzuia mama kila mara na kusema, "Ngoja kwanza nipime." Mama mwenyewe hakucheka. Alikuwa akimwaga odii katika kikombe changu, nami nahesabu, kisha yeye aitia chunguni. Mwisho akaniambia kwamba hata yeye hakujua kuwa huweka kiasi kile.

Haya ndiyo niliyoyaandika, kwa watu sita. Chukua mafungu mawili makubwa ya majani ya malakwang, yachambue, uyaoshe mara tatu. Yachemshe kwa maji mengi kwa dakika ishirini, kisha uyamwage maji yale na kuyakamua majani ili uchachu upungue. Asiyependa uchachu na ayachemshe tena kwa maji mapya. Pima odii kikombe kimoja cha chai, uikoroge na vikombe viwili vya maji ya vuguvugu mpaka isiwe na madonge. Itie juu ya majani pamoja na kijiko kidogo cha chumvi, uweke juu ya moto mdogo, ukoroge polepole kwa mwiko kwa dakika kumi. Ikiwa nzito kama uji wa mgonjwa na mafuta yameanza kuonekana kandokando, ipo tayari. Ipeleke mezani na viazi vitamu vilivyochemshwa.

Niliporudi nyumbani nilimpa mama karatasi ile. Majani tulipata sokoni Mbale kwa mwanamke atokaye kaskazini. Mama, ambaye hajapata kufika Gulu maisha yake yote, alipika malakwang. Baba aliongeza viazi mara mbili.

Wasomaji wengine watasema kwamba haya ni mambo ya nyumba mbili tu, hayana maana kwa taifa. Nawaomba wamtazame mtu mmoja wa Italia. Nchi ile iliunganishwa kuwa ufalme mmoja mwaka 1861, lakini watu wake walikuwa hawajaungana. Waliosema Kitaliano sanifu walikuwa wachache. Kila jimbo lilikuwa na lugha yake na sufuria yake, na mtu wa kaskazini hakujua mtu wa kusini ala nini. Alikuwako mfanya biashara mstaafu aitwaye Pellegrino Artusi, mseja, wala kazi yake haikuwa upishi. Alikusanya mapishi, na pamoja na watumishi wake wawili wa nyumbani, Francesco na Marietta, akayajaribu. Wachapaji wakamkataa. Mwaka 1891 akakichapa kitabu chake mjini Florence kwa fedha yake mwenyewe, nacho kilikuwa na mapishi 475. Mwanzoni hakikununuliwa upesi. Kisha barua zikaanza kuja. Wanawake wa kila upande wa nchi wakamwandikia, wengine wakimsahihisha, wengine wakimpelekea vyakula vya kwao. Naye akavijaribu, na vile vilivyofaa akaviongeza. Alipokufa mwaka 1911 mapishi yalikuwa yamefika 790.

Wataalamu wengi husema kwamba kitabu kile kilisaidia kuwaunganisha Wataliano, kwa chakula na hata kwa lugha, kwa kuwa kiliandikwa kwa Kitaliano chepesi ambacho mama wa nyumbani aliweza kukifuata. Bunge liliweza kutunga sheria ya umoja. Lakini mtu wa Bologna na mtu wa Sicily walionjana kwa njia ya Artusi. Na mwishowe, kwa shukrani, mzee yule aliwaachia Francesco na Marietta haki za kitabu chake.

Sasa niyajibu mashaka ambayo najua yatatokea.

Kwanza, wako watakaosema kwamba jiko ni mahali pa wanawake, na kwamba mvulana mwenye daftari jikoni ni kichekesho. Mimi nawauliza: Wapishi wa shule yetu ni nani? Ni wanaume watatu, nao wamewalisha hata hao wasemao hivyo. Katika mahoteli ya Kampala na katika majeshi wapikao wengi ni wanaume. Masimulizi ya Buganda husema kwamba chakula cha luwombo, nyama iliyofungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, kilibuniwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga, naye alikuwa mwanamume. Ajabu ni kwamba twasimuliwa mwaka, na Kabaka, na mpishi, lakini vipimo vyake hatusimuliwi.

Pili, wako watakaosema kwamba mkono wa mpishi hauandikiki; kwamba hata ukiandika kila kijiko, ladha ya mama haitakuja. Hoja hii ina kweli ndani yake, lakini haikamiliki. Katika miaka ya 1950 msichana wa Delhi, Madhur Jaffrey, alikwenda London kusomea uigizaji. Alikuwa hajui kupika. Chakula cha ugenini kilipomshinda alimwandikia mama yake, na mama akamjibu kwa barua zenye mapishi. Kwa barua zile alijifunza, na mwaka 1973 alitoa Marekani kitabu cha upishi wa Kihindi ambacho kiliwafundisha watu wengi. Barua haikuubeba mkono wote wa mama, ni kweli. Ilibeba kiasi cha kumtosha binti kuanza, na yaliyosalia mkono wake mwenyewe ukayatimiza. Aliye na daftari huanzia katikati ya njia. Asiye nalo huanzia mlangoni, tena gizani.

Tatu, wako watakaosema kwamba siku hizi mapishi yote yamo katika simu, kwa hiyo vitabu vimepitwa na wakati. Sikatai kwamba simu ina faida kubwa, nami nimejifunza kukunja sambusa kwa kuitazama. Lakini katika picha za simu mara nyingi twauona mkono ukimwaga bila kujua umemwaga kiasi gani. Ndiyo taabu ile ile ya mama na mama mkubwa. Tena simu hutoa kile kilichotiwa ndani yake. Bibi wa kijijini kwenu hayumo humo mpaka mjukuu wake amemtia, na mjukuu huyo ni wewe.

Nne, wako waogopao kwamba vitabu vya upishi vitatufanya tutamani vya wageni na kuvidharau vyetu. Mimi naona kinyume. Chapati ilitoka India, nasi leo twakunja mayai ndani yake, twaiita roleksi, na mgeni afikaye Kampala huitafuta kama chakula chetu. Anayejifunza cha mwenzake hapotezi chake. Anayepoteza chake ni yule asiyekiandika, maana siku moja vitabu vya jikoni kwake vitakuwa vya wageni peke yao.

Basi, nini la kufanya? Mimi nina shauri moja, nalo halihitaji fedha wala kamati. Kila mwanafunzi akienda likizo arudi na mapishi ya chakula kimoja cha kwao, yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Nasema Kiswahili kwa kuwa si lugha ya kabila lolote humu bwenini, na kwa kuwa jirani zetu wa Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo nao wataweza kuyasoma. Jina la chakula na liandikwe kama linavyotamkwa kwao. Kisha aeleze ni cha watu wangapi, kila kitu ni vikombe vingapi au vijiko vingapi, kipi hutangulia na kipi hufuata, dakika ngapi, na dalili ya kuiva ni ipi kwa macho au kwa pua. Mwisho aeleze chakula hicho huliwa lini na nani alimfundisha, kwa maana mwalimu yastahili akumbukwe.

Lakini isiandikwe katika gazeti letu mara moja. Kwanza apewe mwanafunzi wa kabila jingine akapike. Mchopi ampe Mkiga, Mkiga ampe Mteso. Kikimshinda, karatasi imrudie mwenyewe, maana kuna jambo alilolificha bila kujua, kama vile "kiasi cha kutosha". Kikiiva, na kikaliwa hata sufuria ikakwanguliwa, ndipo mhariri akitie katika ukurasa. Huo ndio mtihani wa kweli wa mapishi, wala sijui mtihani mwingine wa hapa shuleni ambao wasahihishaji wake wataungojea kwa furaha hivyo.

Tukiwa wanafunzi mia sita, na hata kama ni theluthi moja tu watakaotimiza, kwa mwaka mmoja tutakuwa na mapishi mia mbili. Artusi alianza na 475 akiwa na wapishi wawili. Sisi tuna mama mia sita.

Mimi nimekwisha kuitoa malakwang, ambayo si ya kwetu. Malewa bado, kwa kuwa kwanza yanipasa kuwaketisha mama na mama mkubwa mbele ya sufuria mbili, kila mmoja apike kwa imani yake, nami nipime. Nyama ya mbuzi mwishoni itawapatanisha. Lakini wewe msomaji, ambaye bibi yako yu hai na chungu chake ki motoni, huna ubishi wa kusuluhisha. Una swali moja tu la kuuliza, na likizo iko karibu.